Fao la kukosa ajira Dodoma: maswali ya wenyeji na ya waliokuja na kazi

Kwa miaka minne niliandika mahudhurio kwenye saiti za ujenzi hapa Dodoma. Kila asubuhi nilifungua daftari, nikaita majina, nikatia tiki. Nimeita majina ya Wagogo, Warangi, Waha, Wasukuma, Wanyaturu, na siku mradi ulipofika ukingoni niliona nani anaondoka na karatasi mkononi na nani anaondoka na koleo lake tu. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mpaka leo, sokoni Majengo, Nkuhungu mtaani, na ndani ya daladala za Mtumba. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo.

Fao la kukosa ajira ni nini hasa?

Ni fedha anayolipwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyepoteza kazi bila kupenda. Aliyeajiriwa na kampuni au mtu binafsi anadai NSSF. Mtumishi wa umma anadai PSSSF. Fao hili lilikuja na sheria ya 2018, ileile iliyounganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF.

Kabla ya hapo tulizoea fao la kujitoa: kazi ikiisha unakwenda kubeba michango yako yote. Mwaka 2012 lilipofutwa kwa sheria, wafanyakazi walipinga, hasa wa migodini, na likarudishwa. Mwaka 2018 likaondoka, na hili la kukosa ajira likawekwa mahali pake. Ndiyo maana mpaka leo utasikia fundi akisema "nakwenda kujitoa", kisha anatoka ofisini akiwa na hasira kwa sababu alitarajia donge zima. Ni vyema ujue tangu nyumbani kwamba unakwenda kudai kitu kingine.

Nalipwa kiasi gani?

Ukiwa umechangia miezi 18 au zaidi, unalipwa theluthi moja ya mshahara wako kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi sita. Tuseme ulikuwa unalipwa 450,000. Theluthi yake ni 150,000 kwa mwezi, na miezi sita ni 900,000. Kama ulichangia chini ya miezi 18, kanuni zilizokuja na fao hili zinakupa nusu ya michango, mara moja, basi.

Fedha hii haitoshi kuishi, hilo naliona kama unavyoliona wewe. Lakini inalipa chumba Chang'ombe na unga wa ugali wakati unatafuta saiti nyingine, na nimemwona mtu aliyeikosa akiuza vifaa vyake vya useremala ili apate nauli. Randa ikishauzwa, hata kazi ikipatikana huna cha kuifanyia.

Mimi si mwenyeji wa Dodoma. Nina haki sawa na Mgogo wa hapa?

Sawa kabisa. Hakuna mahali popote kwenye fomu panapouliza kabila lako, kijiji cha baba yako, wala umefika Dodoma mwaka gani. Wanachoangalia ni mambo kama haya: umechangia miezi mingapi, kazi yako imeishaje, hujapata kazi nyingine, na bado hujafikia kulipwa pensheni.

Na mfuko ni wa nchi nzima. Michango uliyokatwa ukiwa Dar es Salaam, ukakatwa tena ukiwa kwenye reli Singida, ukakatwa tena hapa Ihumwa, yote ni yako na inahesabiwa pamoja. Angalizo moja: waliozunguka na miradi mara nyingi wana namba mbili za uanachama, kwa sababu mwajiri wa pili aliwaandikisha upya kama watu wapya. Miezi 11 ikikaa kwenye namba moja na miezi 9 kwenye nyingine, utaambiwa hujafikisha 18 wakati una 20. Nenda na kitambulisho cha NIDA, omba namba ziunganishwe, na ufanye hivyo ukiwa bado kazini. Usingoje mpaka uachishwe.

Mtaani wanasema wageni ndio wanaolichukua fao hili, wenyeji hatupati kitu. Ni kweli?

Swali hili ninaulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa uchungu. Nitalijibu taratibu.

Kile watu wanachokiona kwa macho si uongo. Mradi ulipokwisha, katika daftari langu waliokwenda kudai walikuwa zaidi ni waliokuja kutoka nje ya mkoa. Nilijiuliza kwa nini, nikaanza kuangalia si majina bali safu ya pembeni, ile inayoonyesha mtu ameajiriwa na nani. Hapo ndipo jambo lilipokaa. Dereva wa greda, mfunga nondo, fundi wa mitambo, hawa walikuja na kampuni. Walikuwa na mikataba ya maandishi na michango ya mradi uliotangulia. Kijana wa Nzuguni au Mpunguzi aliingia kwa mlango mwingine: ameletwa na nyapara, au na mkandarasi mdogo aliyepewa kipande cha kazi, analipwa Jumamosi mkononi, jina lake halifiki ofisi ya mfuko hata siku moja. Saidia fundi wa kutoka Kigoma aliyeingia kwa mlango huohuo wa nyapara naye hakupata kitu. Na Mgogo aliyeajiriwa na kampuni kama dereva alilipwa miezi yake yote sita.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kwetu, na inaniuma. Mvua za kwanza zikinyesha, Desemba hivi, mwenyeji ana shamba Hombolo au Bahi au Mvumi. Asipopanda uwele na mtama wiki hiyo, mwaka mzima umekwenda. Anaondoka saiti bila kuaga kwa maandishi, anarudi baada ya siku kumi, na kwenye daftari tayari ameandikwa mtoro. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu. Mgeni hana shamba la karibu, kwa hiyo anabaki mpaka mkataba unaisha, na jina lake linaisha vizuri. Mimi mwenyewe niliandika neno "mtoro" mbele ya majina ya watu niliojua fika wako shambani wanapanda. Niliambiwa niandike hivyo. Leo ningemwambia kila mmoja wao: andika barua ya kuomba ruhusa, hata mistari mitatu, ipelekwe, na ubaki na nakala.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: fao linafuata michango na karatasi. Ukiona kundi moja linalipwa kuliko jingine, tafuta kwanza nani aliandikishwa na nani hakuandikishwa.

Huko nje nako si wageni ndio wanaotumia sana mafao? Tunasikia Ulaya wanalalamika.

Wanalalamika, na wameligombania jambo hili kwa miaka mingi. Lakini kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa. Kuna bima ya ukosefu wa kazi, ambayo unalipwa kwa sababu ulichangia au ulichangiwa: Uingereza waliianzisha kwa sheria ya 1911, Ujerumani 1927, Marekani 1935. Kisha kuna msaada wa umma, ambao mtu anapewa kwa sababu hana kitu, awe amechangia au hajachangia. Maneno mengi makali kuhusu wageni yanahusu ule wa pili.

Nchini Marekani, mchumi George Borjas, ambaye mwenyewe alizaliwa Cuba, aliandika mwaka 1999 kwamba wahamiaji huwa wanajikusanya zaidi kwenye majimbo yenye misaada minono. Upande mwingine, mwaka 2001, Edward Castronova na wenzake walichapisha utafiti kuhusu msaada wa umma Ujerumani. Walikuta wahamiaji wengi zaidi wanapokea msaada, ndiyo, lakini ni kwa sababu wengi wao walikuwa na kipato kidogo kilichowafanya wastahili. Walipomlinganisha mhamiaji anayestahili na Mjerumani anayestahili, mhamiaji hakuwa mwepesi zaidi wa kwenda kudai.

Niliposoma hilo nilikumbuka daftari langu. Ukihesabu vichwa tu kwenye foleni, unapata jibu moja. Ukiuliza katika hawa wawili wenye hali sawa nani kadai, unapata jibu jingine. Tofauti yetu na wao ni kwamba kwenye bima za huko, mgeni aliyefika juzi ndiye anayekosa, maana hajafikisha muda wa kuchangia. Hapa kwetu, kwenye miradi mikubwa, anayekosa mara nyingi ni yule aliyezaliwa kilomita tano kutoka saiti.

Na mhamiaji asiye na kibali huko Marekani, analipwa?

Halipwi. Ili upokee bima ya ukosefu wa kazi lazima uwe unaruhusiwa kisheria kufanya kazi na uwe tayari kuanza kazi. Asiye na kibali hatimizi sharti hilo, hata kama mwajiri alilipia kodi ya bima kwa jina alilofanyia kazi. Fedha imeingia, yeye hawezi kuitoa. Kijana wa Kizota aliyekatwa na mkandarasi mdogo michango isiyofika kokote ataielewa hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Nimekatwa kila mwezi, lakini ofisini wanasema michango haionekani. Nifanye nini?

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 10. Jukumu la kuupeleka ni lake, si lako. Kwa mshahara wa 450,000 ni 90,000 kila mwezi. Fedha hiyo ikibaki mfukoni mwa mwajiri ni yako imechukuliwa.

Beba chochote kinachoonyesha makato: hati ya mshahara, mkataba, hata ujumbe wa benki unaoonyesha kiasi kilichoingia. Peleka malalamiko ofisi ya NSSF ya mkoa, kwa maandishi, mkiwa wengi ikiwezekana. Mfuko una mamlaka ya kumkagua mwajiri, kumtoza adhabu ya kuchelewesha na kumpeleka mahakamani. Nimeshuhudia mafundi tisa wa tofali wakienda pamoja na kusikilizwa siku hiyohiyo, wakati mmoja wao alipokuwa amekwenda peke yake mara tatu aliambiwa arudi kesho.

Wala usingoje uachishwe ndipo uulize. Omba taarifa ya michango kila baada ya miezi michache.

Nikiacha kazi mwenyewe nitalipwa?

Hapana. Kuacha kazi kwa hiari kunakuondoa kwenye fao hili.

Na hapa pana mtego. Baadhi ya wasimamizi, kazi ikipungua, humwambia mfanyakazi "andika barua ya kuacha kazi tukupe chako haraka". Usiandike. Anayetaka kukupunguza ndiye anayepaswa kukuandikia. Ukisaini kwamba umeacha kwa hiari, umejifungia mlango mwenyewe, na baadaye maelezo ya mdomo hayatakusaidia.

Sijafukuzwa, mkataba tu ndio umekwisha. Inakuwaje?

Mkataba kufika mwisho si sawa na kuacha kazi. Nenda na mkataba wenyewe unaoonyesha tarehe ya kumalizika au kazi iliyotajwa kwamba imekamilika, pamoja na cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma.

Nililetwa Dodoma na kampuni kutoka kwetu. Nani anilipie nauli ya kurudi?

Swali hili wageni wengi hawaliulizi, na wangeliuliza wangepata fedha zao. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 43, inasema hivi: mkataba ukikoma mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako mpaka ulikoajiriwa, au alipie usafiri huo, au akulipe posho ya usafiri. Akichelewa, anatakiwa akulipe fedha ya kujikimu kila siku mpaka usafiri upatikane.

Neno la kuangalia ni "ulipoajiriwa". Kama ulisaini Mwanza ukaletwa hapa, unarudishwa Mwanza. Kama ulikuja mwenyewe kwa basi ukasaini Dodoma, basi uliajiriwa Dodoma, hata kama nyumbani kwenu ni Kasulu. Kwa hiyo soma mahali palipoandikwa kwenye mkataba siku ya kusaini. Nimeona mikataba ya watu waliochukuliwa Tabora ikiwa imeandikwa Dodoma, na hawakugundua mpaka siku ya kuondoka.

Pia dai kiinua mgongo: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilisha, mpaka miaka 10, ukiwa umefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo na hukuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Hiki analipa mwajiri. Hakiingiliani na fao la mfuko, vyote viwili ni vyako.

Vipi kuhusu raia wa kigeni? Kuna Warundi, Wakenya, Waturuki kwenye miradi.

Kwao shida kubwa ni kibali. Kibali cha ukaazi cha daraja B na kibali cha kazi vimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ajira ikikoma, sababu yake ya kukaa nchini imekoma nayo, na miezi sita ya kutafuta kazi nyingine haipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inataka mfanyakazi kutoka nchi mwanachama atendewe sawa katika hifadhi ya jamii, lakini haimwondolei sharti la kibali. Ninachomshauri kila mmoja ni kwenda ofisi ya mfuko kabla hajavuka mpaka, apate taarifa ya michango yake iliyogongwa muhuri, na aulize kwa maandishi madai yake yatashughulikiwaje akiwa nje. Akishafika Gitega au Kisumu, kufuatilia karatasi Dodoma ni kazi ya pili.

Mimi ni mama lishe, nauza chakula nje ya saiti. Saiti ikifungwa na mimi nimekosa kazi.

Ni kweli mama, na wewe unaumia sawa na wao. Lakini fao hili linahitaji mwajiri aliyekuachisha. Unaweza kujiunga na NSSF kama mwanachama wa kujichangia kwa ajili ya uzee na mafao mengine.

Je, TASAF si ndiyo hiyohiyo?

Siyo. TASAF ni ruzuku kwa kaya masikini zilizotambuliwa kijijini au mtaani, na haihusiani na michango yako ya kazi.

Naona aibu kwenda kudai. Watasema Wagogo tumezoea kuomba.

Kaka mmoja wa Makulu aliniambia maneno haya akiwa na karatasi zote mkononi, miezi 26 ya michango, na hakwenda. Nilimfuata nyumbani kwao mara mbili.

Najua maneno hayo yanatoka wapi. Mkoa huu umeona njaa, na ile ya Mtunya iliyoanza 1917 wazee bado wanaitaja. Watu walitoka kuhemea, wakabeba kibuyu na mtoto, wakaenda ambako kuna chakula. Waliotuona njiani wakatubandika jina. Lakini angalia pia historia ya kazi ya hapahapa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa. Wakaja watu kutoka kila upande kung'oa visiki, na wenyeji wakaajiriwa. Mpango ukashindwa, ukaachwa Januari 1951, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa zimepotea. Serikali ya London ilijadili hasara yake. Kibarua aliyeng'oa visiki, awe Mgogo au aliyekuja na treni, alirudi nyumbani kwa miguu yake bila fao lolote, kwa sababu halikuwepo.

Sasa lipo. Kila mwezi ulikatwa. Yule mzee wa Kongwa angelipwa theluthi ya mshahara wake asingesema amepewa sadaka, na wewe huombi mtu. Kaka yule alikwenda mwishoni, na mama yake alikwenda naye.

Nimeachishwa jana. Leo nifanye nini?

Leo, omba barua ya kuachishwa yenye sababu na tarehe. Wakikataa kutoa, waandikie wewe kuiomba, na ubaki na nakala iliyosainiwa na aliyepokea.

Kama unaona umeachishwa bila haki, una siku 30 za kupeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1. Madai mengine, kama mshahara uliobaki au nauli, yana siku 60. Siku hizo 30 na 60 huhesabiwa kweli, na nimeona watu wenye kesi nzuri wakirudishwa kwa kuchelewa wiki moja. Kwa aliyetoka mbali hilo ni la kuangalia zaidi: ukipanda basi kwenda kwenu kupumzika mwezi mmoja, muda umekwisha ukiwa nyumbani.

Kisha nenda NSSF na kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama, barua ya kuachishwa, mkataba, hati za mshahara za mwisho na namba ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Majina yalingane. Kama kwenye NIDA ni Mazengo na kwenye mkataba karani aliandika Masengo, anza na hilo, maana kosa la herufi moja linaweza kukurudisha mara tatu. Mimi nilikuwa karani, najua tulivyokuwa tukiandika majina ya watu tukiwa na haraka asubuhi, jua likianza kuwaka na lori la zege likipiga honi getini.